Mwite Mbwa Wako, Usimtukane Jirani

Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi watalicheka, nalo ni majina tunayowapa mbwa wetu. Najua mtu atauliza, Je, mwalimu huyu amekosa habari hata atuandikie habari za mbwa? Lakini nawaomba mnivumilie, maana neno hili dogo limeingia katika nyua zetu, limetenga nyumba na nyumba, wala hakuna baraza linalolizungumza. Mtu akimtukana mwenzake njiani, huitwa mbele ya wazee akaulizwa. Akimtukana kwa jina la mbwa, hakuna amwulizaye.

Nieleze kwanza nisemalo. Katika vijiji vyetu mbwa wengi wana majina yasiyomdhuru mtu. Yuko Simba, yuko Chui, yuko Askari, yuko Popi, wako na akina Jimi na Bobi. Mwenye mbwa ameyasikia majina hayo kwa wengine, au ameyapenda kwa sauti yake, au amemtazama mtoto wa mbwa akaona rangi yake, akamwita kwa rangi hiyo. Majina hayo sina ugomvi nayo. Lakini liko kundi la pili. Mtu amekosana na jirani kwa sababu ya mpaka wa shamba, au kwa sababu ya deni, au kwa sababu mabati ya nyumba yake mpya yamesemwa kisimani. Hamwendei mwenzake wala hasemi neno. Hutafuta mtoto wa mbwa, akamlea, akamwita Watasema, au Wivu, au Utajuta, au Hawanipendi, au Mtanikoma. Kisha kila jioni husimama mlangoni, ameelekeza uso upande wa jirani, akapaza sauti: "Wivu! Wivu! Njoo ule!" Mbwa huja mbio akitikisa mkia, maana ameitwa kula. Jirani naye, aliyekuwa akimenya mihogo uani pake, huinamisha kichwa, maana yeye ameitwa vingine.

Haya nayaita majina ya fumbo. Wala hayarushwi kwa jirani tu. Wako waume wawasemao wake zao kwa jina la mbwa, na wake wawasemao mawifi. Wako ndugu wawili waliogawana urithi wa baba yao, nao hawasalimiani, lakini husemezana kila siku asubuhi na jioni kwa majina ya mbwa wao. Huyu amemwita wake Dhuluma, na yule amejibu kwa kumwita wake Kamshitaki. Mgeni akipita husikia watu wanaita mbwa, akaenda zake. Mwenyeji husikia vita.

Nasema wazi, desturi hii ni mbaya, na yafaa tuiache. Lakini kwa kuwa haki ni kumsikiliza mwenye hoja kabla ya kumhukumu, nitaziweka hapa hoja za wenye kuitetea, kisha nitazijibu moja moja.

Hoja ya kwanza husema hivi: Ni desturi ya Waafrika, tena ya zamani, na wewe mwalimu umesoma kidogo tu ukaanza kuwadharau wazee. Kweli ni desturi, wala si ya kwetu peke yetu. Wataalamu wameichunguza katika nchi nyingi. Mwaka 1965 William Samarin alichapisha habari za majina ya mbwa ya Wagbeya, watu wa nchi ya Afrika ya Kati, akaonyesha kwamba majina hayo hueleza mambo yaliyompata mwenye mbwa na jinsi awaonavyo wenzake. Mwaka 1993 Wendy Schottman aliandika juu ya Wabaatombu wa kaskazini ya Benin, ambao humpa mbwa jina la methali ili mtu fulani asikie. Mwaka 2004 Liveson Tatira aliandika juu ya Washona wa Zimbabwe, akaonyesha kwamba nao husemezana kimyakimya kwa majina ya mbwa. Basi sikatai kwamba ni desturi. Lakini tangu lini neno likawa jema kwa kuwa ni la zamani? Mazizi yetu yana kupe tangu zamani, na bado twawaogesha ng'ombe. Desturi hupimwa kwa matunda yake. Desturi ya kusaidiana kulima ni ya zamani, nasi twaishika kwa kuwa imejaza ghala. Niambieni, jina la fumbo limejaza ghala la nani?

Hoja ya pili ina nguvu zaidi, nami siwezi kuipita mbio. Husema: Jina la fumbo huzuia vita. Mtu aliyeudhika ana njia tatu, kupigana, au kunyamaza na kuungua moyoni, au kusema kwa fumbo; na katika hizo tatu fumbo ndilo lililo jema, maana halimwagi damu wala halimuui mwenyewe kwa uchungu. Yule Schottman niliyemtaja naye aliona hivyo, kwamba jina la methali humpa mtu njia ya kusema pale ambapo adabu yamzuia kusema wazi, naye hataki kunyamaza kabisa.

Nami nakubali kwamba kusema ni bora kuliko kupigana. Lakini hawa watetezi wameisahau njia ya nne, iliyo kubwa kuliko zote, nayo ni kumwendea mtu. Chukua mzee mmoja mwenye busara, nendeni jioni kwa jirani, kaeni kitako, mseme, "Ndugu yangu, neno fulani limenichoma." Hapo jirani aweza kujibu. Aweza kusema, "Sikulisema," au "Nililisema, nisamehe," au "Wewe nawe ulinianza." Maneno yakishajibiwa yana mwisho. Lakini jina la mbwa halijibiki. Jirani akija kuuliza, "Mbona wanisema?" mwenye mbwa hufungua macho kama asiyejua neno: "Nani amekusema? Mimi namwita mbwa wangu." Hapo ndipo palipo ubaya wote. Fumbo humpa msemaji nafasi ya kupiga na kuukana mkono wake, na humnyima mpigwa hata nafasi ya kulia. Je, hii ndiyo amani? Wahenga walisema kwamba fimbo ya mbali haiui nyoka. Nami naongeza kwamba humwudhi nyoka, akajua pa kuvizia.

Tena tazameni jambo hili: fumbo halina macho. Mtu akimwita mbwa wake Wivu, amemkusudia jirani wa mashariki. Lakini sauti yaenda pande zote. Jirani wa magharibi, ambaye juzi alisifu ng'ombe wake, hujiuliza, "Kumbe ni mimi?" Mjane aliyekopa chumvi hujiuliza vilevile. Shemeji aliyekuja kuomba mbegu huondoka bila kuomba. Aliyekusudiwa pengine ni kiziwi wa mambo hayo, hana habari, naye humsaidia mwenye mbwa kumwita: "Wivu, toka, bwana wako akutafuta!" Fumbo mfumbe mjinga, mwerevu huligangua, na mwerevu huyo mara nyingi ni mtu asiye na hatia, aligangua akadhani limefumbwa kwa ajili yake. Hivyo mtu mmoja aliyekuwa na adui mmoja hupata adui watano, naye hajui waliingiaje.

Watu wa pwani na visiwani watasema, "Mbona sisi twasemezana kwa kanga, na mji haujavunjika?" Ni kweli kwamba kanga ina jina lake, na wanawake hujua kuchagua jina la kumpelekea mtu ujumbe. Hayo nayo yana madhara yake, lakini si sawa na haya. Kanga huvuliwa ikafuliwa, ikakunjwa sandukuni, na siku ya mapatano mwenyewe hutoa nyingine yenye neno la upendo, akamletea mwenzake zawadi. Mbwa hakunjwi. Mbwa akitunzwa vema huishi miaka 10 na zaidi, na jina lake huishi naye. Ugomvi wa mpaka umekwisha, wazee wamepanda miti ya alama, watoto wa nyumba hizi mbili wameoana, na bado bwana husimama mlangoni akiita, "Dhuluma! Dhuluma!" Nani atakayesahau akikumbushwa hivyo kila siku?

Hoja ya tatu ni fupi: Mbwa ni wangu, nami nitamwita nipendavyo. Hoja hii husemwa kwa sauti kubwa kuliko zote, nayo ndiyo dhaifu kuliko zote. Mbwa ni wako, lakini jina huliiti kwa siri. Jina la mbwa ni neno lisemwalo kwa kelele katika uwanja wa watu wote. Kama ngoma ingekuwa yako, je, ungeipiga usiku kucha mlangoni pa mgonjwa, ukisema ngoma ni yangu? Kila kitu kiitwacho kwa sauti ni mali ya masikio ya wote.

Yupo pia asemaye, "Mimi simkusudii mtu, jina ni mzaha tu, au ni la rangi yake." Huyu na asikie habari ya Uingereza. Katika Vita Kuu ya Pili, rubani mmoja jina lake Guy Gibson aliongoza ndege zilizokwenda kuvunja mabwawa makubwa ya maji ya Ujerumani, usiku wa kuamkia 17 Mei 1943. Rubani huyo alikuwa na mbwa mweusi, naye alimpa jina ambalo Wazungu walilitumia kuwatukana watu weusi. Sina haja ya kuliandika. Huenda alipomwita mbwa wake hakufikiri kwamba anamwita mtu. Lakini jina lile likafanywa neno la siri la kutangaza kwa simu ya upepo kwamba bwawa la kwanza limevunjika. Mbwa aligongwa na motokaa akafa katika siku zile zile. Gibson mwenyewe alikufa vitani mwaka 1944. Jina halikufa. Mwaka 1955 ikatolewa sinema ya habari hiyo, na watu wa nchi nyingi wakalisikia likitamkwa. Likabaki limechorwa katika jiwe la kaburi la mbwa yule, hata mwaka 2020 jeshi la anga la Uingereza lilipoliondoa jiwe lile na kuweka jingine lisilo na jina. Hesabuni wenyewe: toka 1943 mpaka 2020 ni miaka 77. Tendo kubwa la vita likasimuliwa, na kila lilipofika mahali pa mbwa, msimuliaji akashikwa na haya. Hayo yote kwa neno moja lililotupwa bila kufikiri. Na mbwa hakuwa na kosa lo lote.

Wengine hupenda kumpa mbwa jina la mtu. Hapa napo yafaa tutofautishe, maana watu hawana mila moja. Mwaka 1925 ugonjwa wa dondakoo uliingia katika mji wa Nome, huko Alaska penye theluji, na dawa ikapelekwa kwa magari yavutwayo na mbwa. Mbwa mmoja aliyesifiwa sana katika safari hiyo aliitwa Togo, kwa jina la amiri wa manowari za Wajapani. Kwa watu wale jina hilo lilikuwa la heshima, la kumsifu mbwa na kumsifu amiri pamoja. Lakini kwetu neno lenyewe "mbwa" ni tusi. Ukimwambia mtu "mbwa wewe" umemvunjia heshima mbele ya watoto wake. Basi awezaje mtu kumpa mbwa jina la mwenyekiti wa kijiji, au la mkwe, au la mwalimu, kisha akasema amemheshimu? Heshima hupimwa kwa kipimo cha mahali. Lililo taji kule Alaska, huku kwetu ni tope.

Sasa niseme juu ya wale wanaoumia zaidi kwa majina haya, maana watu hudhani ni jirani peke yake.

Wa kwanza kuumia ni mwenye mbwa mwenyewe. Tufanye hesabu ya darasani. Mtu akimwita mbwa wake mara 5 tu kwa siku, kwa mwaka mmoja amemwita mara 1,825. Kwa miaka 10 ni mara 18,250. Jirani yuko shambani, au yuko sokoni, au amesafiri. Katika mara hizo zote pengine amesikia chache. Lakini mwenye mbwa amesikia zote, maana kinywa chake ki karibu na masikio yake. Mara elfu kumi na nane amejiambia Hawanipendi. Mkewe amesikia, watoto wamesikia. Je, mtoto aliyekulia katika nyumba ambayo kila chakula cha jioni cha mbwa huanza kwa neno Hawanipendi, ataamini nini juu ya watu wa kijiji chake? Sisi walimu twajua jinsi neno linavyoingia katika kichwa cha mtoto: hukaririwa mpaka likakaa. Jina la mbwa ni somo likaririwalo kuliko jedwali la hesabu. Mtu adhani amempelekea jirani sumu, kumbe ameitia katika mtungi wake mwenyewe.

Wa pili kuumia ni watoto wa pande zote mbili. Wao ndio watumwao kumtafuta mbwa jioni. Hupita njia nzima wakipaza jina, hawajui maana yake, au waijua na kuifurahia, na yote mawili ni mabaya. Mtoto wa jirani husikia, huuliza nyumbani, huambiwa. Kesho yake hupigana shuleni, na mwalimu akiuliza sababu, husema, "Ananiita kwa jina la mbwa wao." Vita vya panzi ni furaha ya kunguru, lakini vita hivi havimfurahishi hata kunguru, maana hakuna apataye kitu.

Wa tatu kuumia ni mbwa. Yeye hajui fumbo. Wataalamu wamechunguza akili za mbwa, wakaona ni kubwa kuliko tulivyodhani. Huko Marekani alikuwako mbwa aitwaye Chaser, ambaye bwana wake, John Pilley, alimfundisha majina ya vitu vya kuchezea 1,022, naye akaweza kuvitofautisha. Habari hizo zilichapishwa mwaka 2011. Lakini hata mbwa mwenye akili kama hizo hujua sauti na kitu kilichofungamana nayo tu. Ukimwita Wivu, kwake neno hilo ni chakula, ni mkono wa bwana wake, ni mlango unaofunguliwa. Huja kwa furaha. Kisha hupita uani kwa jirani, akatupiwa jiwe, wala hajui kwa nini. Jiwe lile limetupwa kwa jina lake. Akipotea, nani atamwita? Akiingia katika mtego, nani atapiga mbio kumwambia bwana wake? Wako waliowahi kuwatilia sumu mbwa wa namna hii, nami nasema ni dhambi na ukatili. Lakini aliyempa jina naye hawezi kunawa mikono akasema hahusiki.

Na hapa pana jambo la mauti lisilo na mzaha. Mbwa huambukiza ugonjwa wa kichaa cha mbwa. Mtu akiumwa na mbwa mwenye kichaa, dalili zikishaonekana, karibu kila mara hufa. Kinga ipo, tena ni rahisi: kumchanja mbwa kwa wakati wake, na mtu akiumwa, kuosha jeraha upesi kwa sabuni na maji mengi kwa muda wa dakika 15, kisha kukimbilia hospitali kupata chanjo. Tangu Louis Pasteur alipomchanja mtoto wa kwanza huko Paris mwezi wa Julai 1885, watu wengi sana wameokolewa hivyo. Lakini kazi hii yahitaji majirani wanaosemezana. Mtoto wa jirani akiumwa, baba yake ataka kujua mara moja: mbwa huyu amechanjwa? Yuko mzima? Afungwe atazamwe siku 10. Sasa, kama mbwa mwenyewe aitwa Mtanikoma, baba huyo atapitia mlango gani? Ataona haya kuja, au atakuja na panga. Na siku ya kuwachanja mbwa, watu wote wamepanga mstari na mbwa wao, karani akiuliza jina la mbwa ili aliandike katika cheti, bwana yule atajibu kwa sauti, huku aliyefumbiwa amesimama nyuma yake? Wengine kwa haya hiyo humwacha mbwa nyumbani, hachanjwi. Basi jina la fumbo laweza kumuua mtoto asiyekuwako siku ugomvi ulipoanza.

Msidhani nataka kuwanyima watu furaha ya kuwapa mbwa wao majina. Kumpa mnyama jina ni jambo jema na la zamani sana. Huko Misri, zaidi ya miaka 4,000 iliyopita, mfalme Intef wa Pili alichorwa katika jiwe pamoja na mbwa wake, na majina yao yakaandikwa kando yao: mmoja jina lake lilikuwa la mnyama wa jamii ya swala, mwingine maana yake Mweusi. Kule Giza, mwaka 1935, wachimbaji wa mambo ya kale wakiongozwa na George Reisner waliona maandishi juu ya mbwa aitwaye Abuwtiyuw, mlinzi wa mfalme, aliyezikwa kwa heshima kwa amri ya mfalme mwenyewe. Hao walikuwa wakuu wa dunia, wenye adui wengi kuliko sisi, lakini majina ya mbwa wao yalikuwa ya mbwa.

Wayunani na Warumi nao waliandika namna ya kuchagua. Xenophon, aliyeishi yapata miaka 400 kabla ya Kristo, alitunga kitabu juu ya kuwinda kwa mbwa, akashauri majina yawe mafupi ili yaitwe upesi, akaorodhesha majina 47, mengine yakiwa na maana kama Mkuki na Mlinzi. Columella Mrumi, aliyeandika juu ya kilimo katika karne ya kwanza baada ya Kristo, alisema jina lisiwe refu mno, wala lisipungue silabi mbili. Wasasi wetu nao walijua hivyo bila kusoma vitabu hivyo, maana porini hakuna nafasi ya kuita sentensi nzima.

Watu wa siku za karibu nao wametuonyesha kwamba jina la kawaida halimpunguzii mbwa sifa. Mbwa wa Kirusi aliyerushwa angani tarehe 3 Novemba 1957 aliitwa Laika, na maana yake ni kama kusema Mbwekaji. Mbwa wa Kijapani aliyekwenda kumngoja bwana wake kituoni mwa gari moshi huko Tokyo, tangu bwana alipokufa mwaka 1925 hata mbwa mwenyewe alipokufa mwaka 1935, aliitwa Hachiko, na jina lake latokana na hesabu ya nane. Hesabu ya nane tu! Lakini jina hilo leo huwatoa watu machozi, kwa sababu ya tabia ya mbwa mwenyewe. Jina jema hung'ara gizani.

Basi mtu atakaye kumpa mbwa jina na ashike mambo manne. Kwanza, jina liwe fupi, la silabi mbili au tatu, lenye sauti ya wazi. Pili, lisifanane na maneno ya kumwagiza, kama "kaa" na "shika", maana utamchanganya. Tatu, lisiwe jina la mtu wa nyumbani wala wa jirani, mtoto asije akaitika pamoja na mbwa. Nne, nalo ndilo kubwa, ajiulize swali hili: Je, jirani yangu akifiwa, nami nimekwenda matangani, na mbwa akanifuata, nitaweza kumwita kwa sauti mbele ya wafiwa nisione haya? Jina likishindwa katika swali hilo, litupwe. Simba atapita. Jivu atapita. Mwepesi na Mlinzi watapita. Utajuta hatapita kamwe.

Na yule ambaye mbwa wake amekwisha kuitwa kwa fumbo asiseme amechelewa. Mbwa hujifunza jina jipya. Kila umpapo chakula mwite kwa jina jipya, mfululizo, na watu wote wa nyumbani wafanye vivyo hivyo. Baada ya siku au majuma machache ataitika. Ukichagua jina lenye sauti ya karibu na lile la kwanza, kazi ni nyepesi zaidi: Wivu na awe Jivu. Mbwa ataona bwana wake amepata mafua. Jirani ndiye atakayeusikia mgeuko huo, naye ataelewa kuliko ungemtumia barua. Tena usiishie hapo. Siku hiyo hiyo pita kwake, umwambie lile neno ulilokuwa ukimwambia mbwa miaka yote hii. Likiwa ni la haki, mtapatana mbele ya mzee. Likiwa si la haki, utaona haya mara moja tu, badala ya kumwonea yeye kila jioni.